Grasse, mji wa manukato ulioanza kwa uvundo

Kabla dunia haijaujua kwa manukato, mji wa Grasse ulikuwa unanuka. Ngozi mbichi za wanyama zilirundikwa kando ya mifereji, zikalowekwa, zikaparwa manyoya, zikasuguliwa na kuanikwa, na maji machafu yakateremka vichochoroni hadi bondeni. Wafanyabiashara wa Genoa na Pisa walizinunua tangu karne ya 12. Waliziita bora kwa uimara wake na kwa rangi yake ya kijani kidogo, iliyotokana na unga wa majani ya mihadasi ambao mafundi wa hapo waliutumia kuzilainisha. Matajiri wa mji walikuwa watengeneza ngozi, na hakuna aliyeona aibu kwa harufu ya fedha hizo.

Leo mji huohuo wa kusini mwa Ufaransa, wenye wakazi karibu 50,000, hutajwa popote wanapokutana watu wa kazi ya marashi. Ulifika hapo kwa kubadili kazi kila kazi ya zamani ilipokufa. Ulifika pia kwa jasho la watu wengi ambao majina yao hayaandikwi kwenye chupa, wakiwemo majirani zetu wa Visiwa vya Komoro.

Mlima nyuma, bahari mbele

Ukitoka Cannes, mji wa ufukweni unaojulikana kwa tamasha la filamu, na ukapanda kuelekea kaskazini kwa safari isiyofika kilomita 20, unaiona Grasse imeegemea mlima, nyumba zake ndefu za rangi ya udongo zikipandana ngazi kwa ngazi. Iko mita 300 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake kuna milima ya mawe ya chokaa inayouzuia upepo baridi wa kaskazini. Mbele yake kuna mteremko unaoangalia Mediterania na kupokea jua tangu asubuhi. Mawe ya chokaa hunywa mvua yote inayonyesha huko juu, kisha huitoa chini kama chemchemi. Moja ya chemchemi hizo, la Foux, ndiyo iliyowapa watengeneza ngozi maji ya kufanyia kazi. Bila maji hayo mji huu ungebaki kijiji cha wachunga mbuzi.

Katika karne ya 12 wenyeji walijitawala kupitia viongozi wao wenyewe, mpaka mtawala wa Provence alipouchukua mji mwaka 1227. Mwaka 1244 askofu alihamishia makao yake hapo kutoka Antibes, mji wa pwani uliokuwa ukisumbuliwa na maharamia. Kanisa kuu la Notre-Dame-du-Puy bado limesimama kwenye kilele cha mji wa kale, zito na lisilo na mapambo mengi kwa nje. Ndani yake kuna picha za mchoraji Rubens, jambo ambalo mgeni hategemei kulikuta kwenye mji mdogo kiasi hiki.

Kuna kituko kimoja cha jiografia ambacho wenyeji hupenda kukisimulia. Hadi mwaka 1860, Grasse ilikuwa katika mkoa wa Var, uliopewa jina la mto uliokuwa mpakani mwake. Mwaka huo Nice ilijiunga na Ufaransa, na wilaya ya Grasse ikamegwa ili kuunda mkoa mpya wa Alpes-Maritimes. Mto ukaenda pamoja na wilaya. Mkoa wa Var ukabaki na jina la mto usiopita kwake, na hadi leo hakuna aliyejishughulisha kulibadili.

Glavu za wakubwa

Ngozi ya Grasse ilikuwa na kasoro moja: hata ikitengenezwa vizuri namna gani, iliendelea kunuka mnyama. Katika karne ya 16 mabwana na mabibi wa Italia walianza kuvaa glavu zilizolowekwa kwenye marashi, na mtindo huo ukafika Ufaransa. Husimuliwa sana kwamba aliyeuleta ni Catherine de' Medici, binti wa Florence aliyeolewa katika nyumba ya kifalme ya Ufaransa mwaka 1533. Mitindo mikubwa hutafutiwa malkia wa kuianzisha, na huenda hapa wapo wengine wengi walioshiriki. La hakika ni kwamba mafundi wa Grasse walikuwa na vitu vyote mkononi. Ngozi walikuwa nayo, maji walikuwa nayo, na vilima vilivyowazunguka vilijaa lavenda, mihadasi na maua ya midanzi. Wakaanza kutengeneza glavu zenye harufu nzuri, wakaitwa watengeneza glavu na watia marashi, kazi mbili katika cheo kimoja.

Karne ya 18 ilizitenganisha kazi hizo. Kodi juu ya ngozi zilipanda, washindani wakaongezeka, na ngozi ikaacha kulipa. Mafundi wengi wa miji mingine wangefunga duka na kulalamika. Hawa waliitupa glavu na kubaki na marashi. Antoine Chiris alianzisha nyumba yake ya biashara mwaka 1768, na jina hilo tutakutana nalo tena mbali sana na Provence. Wengine wakafuata, na kufikia karne ya 19 mabomba ya moshi ya viwanda yalikuwa yameota kati ya minara ya makanisa.

Shahamu na asumini

Ardhi ya Grasse ilipata thamani kwa maua mawili hasa. La kwanza ni waridi la Mei, lenye petali nyingi zilizobanana, ambalo huchanua kwa majuma machache tu ya mwezi huo. La pili ni asumini yenye maua makubwa, mmea wenye asili ya Asia, ambao huchumwa tangu mwishoni mwa Julai hadi Oktoba. Pamoja nayo ipo tuberozi, ua jeupe lenye harufu nzito ya usiku, kisha urujuani, mimosa na maua ya mdanzi. Mfereji wa maji kutoka mto Siagne, uliojengwa katika miaka ya 1860, uliwawezesha wakulima kumwagilia mashamba ya chini ambayo zamani yalikauka wakati wa kiangazi.

Msomaji wa Unguja au Lamu hahitaji kuelezwa kwamba asumini haina subira. Ikichumwa huanza kubadilika mara moja, na jua likipanda harufu yake inapungua. Kwa hiyo wachumaji, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wanawake, waliingia shambani alfajiri na kuinama hadi karibu na adhuhuri. Kilo moja ya asumini ni maua 8,000 hadi 10,000, yakichumwa moja moja kwa vidole. Ili kupata kilo moja ya mafuta safi yaliyokamuliwa hadi mwisho zinahitajika kilo mia kadhaa za maua. Hesabu hiyo inaeleza bei ya chupa ndogo vizuri kuliko tangazo lolote la biashara.

Mafuta hayo yalipatikanaje? Waridi na maua ya mdanzi yanaweza kuchemshwa na mvuke wake kukenekwa, kama yanavyofanywa marashi ya waridi katika nchi za Mashariki. Asumini na tuberozi haziwezi, moto unaziharibu. Mafundi wa Grasse walitumia shahamu. Walichukua fremu za mbao zenye kioo katikati, wakapaka juu ya kioo mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe yaliyosafishwa mpaka hayana harufu yake, kisha wakalaza maua juu yake, ua moja kando ya jingine. Shahamu hunywa harufu. Kesho yake maua yaliyochoka yalibanduliwa na mapya kuwekwa, siku baada ya siku kwa majuma kadhaa, mpaka shahamu ishibe. Baada ya hapo ilioshwa kwa spiriti, spiriti ikaondoka na harufu, na shahamu iliyobaki ikatumika kutengenezea sabuni. Vyumba vizima vilijaa fremu hizo, na wanawake waliozipanga walifanya kazi kwa saa nyingi na kwa ujira mdogo.

Mwishoni mwa karne ya 19 kiyeyushi cha kemikali kilichukua nafasi ya shahamu. Maua huwekwa kwenye mapipa makubwa, kiyeyushi hupitishwa ndani yake na kuchota harufu na nta, kisha huondolewa kwa joto dogo. Kinachobaki ni donge la nta lenye harufu kali, ambalo huoshwa kwa spiriti hadi yabaki mafuta matupu. Kazi ya majuma ikawa kazi ya saa. Hapo ndipo Grasse ilipokuwa mji wa viwanda hasa, na ndipo ilipoanza kutafuta malighafi ng'ambo ya bahari.

Langilangi ya Nzuani

Nyumba ya Chiris haikusubiri maua ya Provence peke yake. Katika karne hiyohiyo ya 19 ilikuwa na mashamba Boufarik, nchini Algeria iliyokuwa koloni la Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliingia Visiwa vya Komoro kupitia kampuni ya Bambao, iliyoshika ardhi kubwa ya kisiwa cha Nzuani pamoja na mashamba ya Maore. Walichokitaka huko ni mlangilangi. Mti huu ulitoka kusini-mashariki mwa Asia, ukapandwa katika visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi, na ukaipenda hali ya hewa ya Komoro kuliko pengine popote. Pwani yetu tunalijua langilangi kwa kulisuka pamoja na asumini, kulitia kwenye nywele na kulitandaza kitandani kwa bibi harusi. Grasse ililijua kwa mapipa.

Wakulima wa Nzuani walisukumwa kwenye miteremko mikali ili ardhi nzuri ya chini ipandwe milangilangi, minazi na mazao mengine ya kampuni. Maua yalichumwa asubuhi, hasa na wanawake, kisha yakakenekwa kwa moto wa kuni kwa saa nyingi. Mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo bora na hupewa daraja la juu. Yanayotoka baadaye hushuka daraja moja baada ya jingine. Takriban kilo 50 za maua hutoa lita moja ya mafuta. Ukataji wa kuni za kukenekea ni moja ya sababu zilizoichosha misitu ya Nzuani, kisiwa ambacho hakikuwa na misitu ya kupoteza. Komoro ilipata uhuru mwaka 1975, na hadi leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa langilangi duniani, pamoja na karafuu na vanila.

Mwaka 1921 Ernest Beaux, mtaalamu wa marashi aliyekuwa akifanya kazi karibu na Grasse katika kampuni iliyomilikiwa na Chiris, alimtengenezea mbunifu wa mavazi Coco Chanel marashi yaliyopewa jina la namba: No. 5. Ndani yake kuna asumini na waridi la Mei vya Grasse, kuna kemikali za maabara ambazo ndizo zilizoyafanya yaonekane mapya kabisa, na kuna langilangi. Paris ndiyo inayoandikwa kwenye chupa. Grasse inatajwa katika vitabu na kwenye ziara za watalii. Mchumaji wa Nzuani hatajwi popote, na huo ndio mgawanyo wa heshima katika biashara hii: kadiri mtu anavyokuwa karibu na ua ndivyo anavyokuwa mbali na faida. Wakulima wa mikarafuu wa Pemba wataielewa sentensi hiyo bila kufafanuliwa.

Maua yalipokimbia

Lakini hata Grasse yenyewe ilionja uchungu wa kuona faida ikienda kwingine. Kemia iliweza kuiga harufu kwa gharama ndogo. Asumini ya Misri na ya India ikaja na bei ambayo mkulima wa Ufaransa hawezi kuishindania. Na ufukwe wa Cannes ukapanda mlima: tajiri anayetaka nyumba yenye bwawa la kuogelea na mandhari ya bahari hulipa mara nyingi zaidi ya faida ya waridi. Katika miaka ya 1940 eneo hili lilikadiriwa kuvuna tani 5,000 za maua kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa hazifiki 30. Viwanda vya kifamilia vilinunuliwa na makampuni ya kimataifa, kimoja baada ya kingine. Robertet, iliyoanzishwa mwaka 1850, ni mojawapo ya chache zilizobaki na makao yake makuu hapo.

Mashamba na ujenzi vilitegemea wahamiaji, kwanza Waitalia, kisha watu wa Afrika Kaskazini. Hawa wa pili waliishi katika nyumba mbovu za mji wa kale ambazo wenyeji walikuwa wamezihama. Juni 1973 wafanyakazi, wengi wao Watunisia, waliandamana kudai vibali vya kuishi, malipo na makazi. Walirushiwa maji ya zimamoto, kisha polisi na baadhi ya wakazi wakawawinda vichochoroni na kuwapiga. Tukio hilo limo katika historia ya ubaguzi Ufaransa, ingawa vijitabu vya watalii vinaliruka. Mji ukijisifia maua bila kuwataja waliochuma, sifa hiyo ina upungufu.

Na mabadiliko yakaja tena. Mwaka 1989 lilifunguliwa jumba la makumbusho la kimataifa la manukato. Chanel imefunga mkataba wa muda mrefu na familia ya wakulima ya Pégomas, bondeni chini ya Grasse, ili asumini na waridi la No. 5 visikatike. Kampuni ya LVMH ilifungua maabara yake katikati ya mji mwaka 2016. Novemba 2018, katika mkutano uliofanyika Port Louis, Mauritius, UNESCO iliingiza ujuzi wa manukato wa eneo la Grasse katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kilichoandikishwa ni kilimo cha mimea ya manukato, ujuzi wa kuigeuza kuwa mafuta, na ufundi wa kuyachanganya. Harufu yenyewe haikuandikishwa. Wajumbe walielewa kwamba ua la Grasse unaweza kulipanda Misri, lakini mtu aliyezaliwa katika nyumba ya wanusaji na kufunzwa tangu utotoni kutofautisha maelfu ya harufu humpati kwa kununua mbegu. Jean-Claude Ellena, aliyeitengenezea Hermès marashi kwa miaka mingi, alizaliwa Grasse mwaka 1947 na akaanza kazi kijana mdogo katika kiwanda cha Chiris.

Waliopita na waliobaki

Mtoto maarufu kuliko wote wa mji huu hakutengeneza marashi. Jean-Honoré Fragonard alizaliwa hapo mwaka 1732, mwana wa mtengeneza glavu, akawa mchoraji wa mapenzi na bustani za wakubwa wa Paris. Madame du Barry, kipenzi cha Mfalme Louis XV, alimwagiza picha kubwa za hatua za mapenzi, kisha akazikataa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipowafukuza wateja wake, Fragonard alirudi Grasse na picha hizo akazitundika katika nyumba ya binamu yake. Ziliuzwa mwaka 1898 na sasa ziko New York. Grasse imebaki na nakala. Kiwanda cha marashi chenye jina lake kilianzishwa mwaka 1926, miaka 120 baada ya kifo chake, na watalii wengi huondoka wakidhani mchoraji huyo alikuwa muuza manukato.

Napoléon alipita Machi 1815 akitoroka kisiwa cha Elba. Hapo ndipo njia ya magari ya farasi ilipoishia, akaacha mizinga yake na kuendelea kwa njia ya nyumbu. Malkia Victoria alikuja kupumzika mwaka 1891. Ivan Bunin, mwandishi Mrusi aliyekimbia mapinduzi ya kwao, aliishi Grasse kwa miaka mingi, na habari za Tuzo ya Nobel mwaka 1933 zilimkuta akiwa katika jumba la sinema la mji. Mwimbaji Édith Piaf alifariki katika kijiji cha Plascassier, ndani ya mipaka ya Grasse, Oktoba 1963. Wasomaji wa riwaya wanaujua mji kupitia *Das Parfum* ya Patrick Süskind, iliyotoka mwaka 1985. Lakini filamu yake ilipigwa zaidi Hispania, kwa hiyo usihangaike kuitafuta mitaa yake.

Chakula cha hapo ni cha watu wa milimani. Kabichi nzima hujazwa nyama, wali na mboga, ikafungwa kwenye wavu na kuchemshwa polepole. Wanaiita *lou fassum*. Kuna pia mkate laini wa mafuta ya zeituni uliotiwa maji ya maua ya mdanzi, ambao Mswahili yeyote aliyezoea hiliki katika maandazi ataumaliza bila kuulizwa.

Anayefikiria kwenda aende Mei kwa ajili ya waridi au Agosti kwa ajili ya sikukuu ya asumini, wakati magari yaliyopambwa hupita yakiwarushia watu maua. Treni ya abiria kutoka Cannes, iliyosimamishwa mwaka 1938, ilirudishwa mwaka 2005, nayo hukufikisha chini ya mji. Gari la kamba lililokuwa likiwapandisha abiria hadi juu lilifungwa mwaka huohuo wa 1938 na halijarudi, kwa hiyo vaa viatu vya kupandia kilima. Na ukishafika madukani, muulize muuzaji langilangi iliyomo katika chupa anayokuonyesha imetoka kisiwa gani.